Dirisha la Watu Wawili

Siku hiyo Karani alivaa gauni la kijani ambalo tangu alinunue alikuwa akilitafutia visingizio. Leo kuna mvua. Leo kazi ni nyingi. Leo litachafuka plasta. Asubuhi hiyo hakutafuta kisingizio. Alilivaa, akalifunika kwa koti jeupe la kazi, akaacha vifungo vya juu wazi ili ukijani uchungulie. Mama yake, aliyekuwa akipuliza chai mezani, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akarudi kwenye chai yake.

Ujumbe wa Kobe, mwanamume wake, ulikuwa umeingia jana yake jioni: "Kesho nitapita kazini kwako baada ya chakula cha mchana. Nina jambo la kukuomba. Si la kwenye simu."

Jambo la kukuomba. Si la kwenye simu. Mwanamke aliyewahi kuolewa akaachika, kisha akaja kupendwa tena wakati ameshazoea kulala katikati ya kitanda, hahitaji mkalimani wa maneno kama hayo. Alijua Kobe alikuwa amekwenda kuzungumza na dada yake mkubwa. Alijua dada huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na kwamba bila neno lake hakuna mtu atakayetumwa kuposa popote. Kwa hiyo neno limepatikana, aliwaza, na kwa wasiwasi mtamu wa mtu anayeogopa kufurahi mapema, akavaa gauni.

Karani alikuwa fundi wa meno bandia. Alifanya kazi ghorofa ya juu ya kliniki ya meno, kwenye chumba kirefu chenye meza ya bati, mashine ya kusugulia, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, na rafu iliyojaa mataya ya plasta ya watu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona sura. Alijua nani husaga meno usingizini na nani hutafunia upande mmoja. Jicho lake la rangi lilikuwa kali: jino jeupe la mvuta sigara na jino jeupe la mnywa chai kwake vilikuwa vitu viwili tofauti kama mchana na alasiri.

Lakini jina la Karani hakulipata kwenye meno. Alilipata mtandaoni, likamfuata mpaka kazini.

Kuna ukuta mmoja mtandaoni, mkubwa kama mji, usio na mwenyewe. Kila mtu anaruhusiwa kuweka kitone kimoja tu cha rangi, kisha angoje kidogo kabla ya kuweka kingine. Kitone kimoja si kitu, ni punje ya mchanga. Lakini watu wakipatana, vitone vinakuwa jicho, jicho linakuwa uso, uso unakuwa simba. Wasipopatana, kundi jingine linakuja na kumfunika simba wako kwa rangi nyeusi, na hakuna kituo cha polisi cha kwenda kushtaki. Kwa kuwa kila kinachochorwa pale kinaweza kufutika, walitokea watu wa kujitolea wakaanzisha wiki, yaani tovuti ya makala ambayo kila mtu anaweza kuihariri. Humo kila picha ina makala yake: nani aliianza, nani alisaidia, nani aliivamia, iliponaje. Karani hakuwa na mkono wa kuchora. Alikuwa na mkono wa kuandika. Aliandika makala ya simba, ya treni, ya jogoo mwenye miwani, na alikuwa akisahihisha za wenzake mpaka wakamwita Karani, na mwishowe wakampa mamlaka ya kuufunga ukurasa unaochafuliwa na wahuni, mtu mwingine asiweze kuuhariri. Alikuwa na sheria moja, na alikuwa mkali nayo kuliko waanzilishi wenyewe: andika kilichotokea.

Ndipo siku moja, kwenye kona ya ukuta ambayo hakuna aliyeitaka, aliona dirisha dogo la bluu likijengwa polepole na mtu mmoja aliyejiita Kobe. Hakuwa na kundi. Hakuwa na haraka. Karani alimwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa lugha ya kazi kabisa: "Naandaa makala ya dirisha lako. Nani yuko ndani?"

Jibu lilikuja kesho yake. "Bado hajaingia."

Karani alisoma maneno hayo mawili akiwa ameshika taya la mzee fulani mkononi, na alilazimika kuliweka chini lisije likamponyoka.

Yakaanzia hapo. Walizungumza vitone, wakazungumza kazi, wakazungumza usingizi. Kobe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kukaa ndani ya kile kisima ambamo lifti hupanda na kushuka, tochi mdomoni, na muda wa kungoja vipuri ndio aliokuwa akiutumia kuchora. Karani, ambaye hakuwahi kuweka kitone hata kimoja, aliweka. Wakaingiza ndani ya dirisha vivuli viwili vya watu, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Wahuni walipokuja kulichafua, walilitetea wawili tu, kwa zamu, mpaka waliochafua wakachoka. Na Karani akaandika kama ilivyotokea: Dirisha lilianzwa na Kobe, likamaliziwa na Kobe na Karani. Ndani yake wamo watu wawili.

Walipokuja kuonana uso kwa uso, alimwona ana mikono inayonukia grisi na sabuni, na macho ya mtu anayesikiliza. Siku ya pili tu ya kuonana, Karani alimwambia lile ambalo wengine hulificha mpaka waolewe: ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu hakuzaa, na madaktari walishamwambia hatazaa. Alimwambia akitazama kikombe. Kobe alikisogeza kikombe pembeni ili asipate cha kutazama isipokuwa yeye.

"Sikuja kutafuta watoto," alimwambia. "Nimekuja kukutafuta wewe."

Basi gauni la kijani lilikuwa na haki yake.

"Karani!" Sauti ilipanda ngazi kabla ya mwenyewe. Ilikuwa ya mwanamke wa mapokezi, ambaye kliniki nzima ilimwita Kengele, kwa kuwa habari ikimfikia lazima ilie. "Karani wewe! Mgeni wako kafika. Na kanyoa ndevu!"

"Kengele, punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Wagonjwa wana maumivu ya meno, masikio yao mazima. Na hakuja peke yake, kaja na ndugu yake wa kike, nimemkalisha pale chini. Mtoto mzuri, mpole. Nakwambia leo ni leo."

Ndugu yake wa kike. Karani alijifuta nta vidoleni. Kobe hakuwahi kutaja ndugu mwingine zaidi ya dada mkubwa, lakini ukoo una binamu, na binamu hutumwa kuja kutazama.

Kobe aliingia, akasimama karibu na mlango. Kweli alikuwa amenyoa. Kidevu chake kilionekana kichanga, kama cha mtu asiyemfahamu. Hakulitazama gauni. Alilitazama taya lililokuwa mezani.

"Hili la nani?"

"La bibi mmoja. Anataka meno kabla ya kupiga picha na wajukuu zake."

Kobe aligeuza macho kutoka kwenye taya.

"Keti basi," Karani alisema.

"Nitasimama tu."

"Aliyekuja kuomba hakai kama askari wa zamu. Keti."

Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, kikamzungusha kidogo, akajishika mezani. Karani alitabasamu. Kobe hakutabasamu.

"Nimekuja kuhusu makala," alisema.

"Makala gani?"

"Ya Dirisha."

Karani akacheka, kicheko cha raha kilichokuwa kimemngoja tangu asubuhi. "Nilijua tu! Unataka niandike kwamba wajenzi wa Dirisha wanaoana. Sasa sikiliza bwana, hilo siwezi kuliandika mpaka litokee. Unaijua sheria yangu. Siku ikifika nitaongeza, na nitaweka na tarehe."

"Sitaki uongeze, Karani. Nataka upunguze."

"Nipunguze nini?"

Kobe alitazama sakafu. "Wewe."

Chini, kwenye chumba cha daktari, mashine ya kutoboa meno ilianza kulia, ikanyamaza. Karani alikuwa bado na tabasamu usoni, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari.

"Sijakuelewa."

"Naoa mwisho wa mwezi," Kobe alisema. Maneno yalitoka mfululizo, kama ya mtu aliyeyakariri njiani. "Ni mwalimu wa chekechea. Dada ndiye aliyemtafuta. Nilikataa, Karani, nakuapia, nilikataa mara ya kwanza na ya pili. Lakini dada alilia. Hujawahi kumwona dada akilia, hata siku tuliyomzika mama hakulia, alikuwa anatupikia. Akasema hawezi kuona nyumba ya baba inaishia kwangu. Mimi ndiye mwanamume peke yangu. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ndiyo nakuambia."

"Hukuja kuniambia. Umekuja kuniomba nijifute." Sauti yake ilikuwa ya chini, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Umesema hilo kwanza. Ndoa umeileta baadaye, kama kiambatanisho. Makala imekukosea nini?"

Kobe alijisugua kidevu kilichonyolewa. "Yule mwalimu aliliona Dirisha kwenye simu yangu. Ndiyo picha ninayoiona kila nikiwasha. Akaniuliza, ni nini hiki kizuri hivi? Sikuwa nimejiandaa. Nikasema..."

"Ukasema?"

"Nikasema nilimchorea yeye."

Karani alikaa.

"Ulimchorea yeye," alirudia. "Kabla hujamjua kama yuko duniani."

"Nilitaka afurahi. Kweli akafurahi. Akawaonyesha walimu wenzake. Sasa mmoja wao ni mtu wa mambo hayo ya Ukuta, akamwambia kuna wiki, kila picha ina historia yake. Wakaifungua pamoja, wakasoma. Kobe na Karani. Watu wawili." Alitikisa kichwa. "Nikamwambia kuna kosa. Kwamba kule kila mtu anaandika anachotaka."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sikusema mwongo. Nilisema kosa."

"Mimi ni kosa. Haya." Karani alichukua kisu cha nta, akakiweka tena palepale. "Na kama ni hivyo, kwa nini usingebadilisha mwenyewe? Si kila mtu anaandika anachotaka? Una akaunti, una vidole."

"Umeufunga ule ukurasa."

Alilisema bila kufikiri, kisha akalisikia. Na Karani naye akalisikia. Ukurasa alikuwa ameufunga baada ya wahuni kuandika matusi, akasahau kuufungua. Hakuna anayejua kwamba mlango umefungwa ila aliyeusukuma.

"Ulijaribu," alisema polepole.

Kobe alikishika kiti kisizunguke.

"Ulikaa mahali, ukafungua makala yangu, ukajaribu kunitoa kimyakimya. Ungeukuta wazi, nisingejua. Ningeendelea kukupikia maneno matamu kila asubuhi, nami nimeshafutwa. Na leo usingekuja kabisa, si ndivyo?"

"Ningekuja."

"Lini? Baada ya harusi?"

"Karani, nisaidie. Ni mistari michache. Wewe ni mtu mzima, unajua maisha. Yule ni msichana, hajawahi kuumizwa. Andika tu kwamba lilijengwa na Kobe. Si uongo, ni nusu ya kweli."

"Siku ile kwenye kikombe," Karani alisema, "uliponiambia hukuja kutafuta watoto. Ile nayo ilikuwa nusu?"

Macho ya Kobe yalilengalenga, na hilo ndilo lililomuuma Karani kupita yote, kwamba yalikuwa machozi ya kweli. Angekuwa tapeli, angemchukia akapumua. "Ile ilikuwa nzima," Kobe alisema. "Ila nilikuwa sijaulizwa na dada."

"Tulikubaliana utamwambia wewe mwenyewe habari yangu, kwa wakati wako, kwa maneno yako."

"Sikumwambia. Nilipofika kumwambia nilikuta anajua. Alijua yote, mpaka jina la hospitali."

"Nani alimwambia?"

Kobe alijisugua kidevu tena.

"Nakuuliza, nani alimwambia dada yako?"

"Hodi."

Mlangoni alikuwa amesimama msichana mwenye mkoba wa kitambaa ulioshonwa picha ya bata, na madoa ya rangi za maji kwenye ncha za vidole. Nyuma yake alikuwa Kengele, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Kengele hakuwa na sauti.

"Ulipong'ang'ania kunifuata nilikwambia ungoje chini," Kobe alisema, akiinuka.

"Nimengoja." Msichana alizungumza kwa utulivu wa watu waliozoea kunyamazisha chumba kizima bila kupiga kelele. "Huyu dada wa mapokezi ameniita wifi. Ameniambia nisihofu, ninyi mtakuwa watu wa furaha, maana Karani wao leo anaposwa, na amevaa gauni jipya kwa ajili ya kaka yangu." Akamgeukia Kobe. "Sikujua kama nina kaka."

"Karani, nisamehe," Kengele alinong'ona. "Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Mimi pia. Nenda kazini, Kengele."

Kengele alishuka ngazi moja moja, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe.

Mwalimu aliingia ndani. Alitazama rafu ya mataya, akatazama koti jeupe, akatazama kijani kilichochungulia kwenye vifungo. Akalitazama kwa muda.

"Dada, wewe ndiye Karani?"

"Ndiye mimi."

"Nina swali moja, naomba unijibu kama ungemjibu mdogo wako. Lile dirisha lilichorwa kwa ajili yangu?"

Nyuma ya msichana, Kobe alikuwa akimtazama Karani kwa macho yaleyale ya kusikiliza, sasa yamejaa kuomba. Na Karani alitamani kudanganya. Si kwa ajili yake Kobe. Ni kwa sababu ya yale madoa vidoleni, na namna msichana alivyokuwa ameubana mkoba kifuani kama mtoto anayevuka barabara. Neno moja tu lingemrudisha nyumbani akiwa na furaha. Lakini lingemrudisha na nani?

"Hapana," alisema. "Lilichorwa kabla yako. Hao wawili ndani ni mimi na yeye."

"Na kilichoandikwa ni kweli?"

"Kila neno. Niliandika mwenyewe."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama anayesahihisha daftari. "Asante."

"Twende tukazungumze," Kobe alisema. "Tafadhali. Tukazungumze nyumbani."

"Tutazungumza," msichana alimjibu bila kumtazama. "Tuna miaka mingi ya kuzungumza."

Karani alidhani hakusikia vizuri. "Bado utaolewa naye?"

"Baba yangu ameshaalika watu, dada. Mama yangu ameshalia kilio cha furaha, siwezi kumliza kingine." Kisha, kwa sauti iliyopasuka kidogo tu, "Na nimeshampenda. Ningekuwa sijampenda, ningekuwa nimeshashuka ngazi." Alijifuta chini ya jicho kwa nyuma ya mkono. "Ila nakuomba kitu. Usibadilishe. Iache makala ilivyo, na ukurasa uufunge asiuguse mtu. Siku akinidanganya tena, nataka ajue pana mahali najua kwenda kusoma."

Akaondoka. Nyayo zake zilisikika mpaka chini, na mlango wa mbele ukafunguka na kufungwa taratibu.

Kobe alibaki katikati ya chumba, mikono ikining'inia. Alionekana mzee. "Umeniharibia maisha, Karani," alisema, si kwa hasira, kwa mshangao tu.

"Nimejibu swali."

"Ungeweza kumhurumia."

"Ningemhurumia, wewe ndiye ungefaidi." Alisimama, akasogea mpaka karibu yake, karibu kiasi cha kusikia ile harufu ya grisi na sabuni. "Sasa nami nijibu langu. Nani alimwambia dada yako?"

Kobe aligeuka kuelekea mlangoni. Alisema akiwa amempa mgongo.

"Mama yako."

Karani aliyamaliza meno ya bibi. Aliyasugua, akayang'arisha, akayaweka kwenye kisanduku na kuandika jina juu yake kwa mwandiko ulionyooka. Kengele alipanda mara mbili kumtazama, mara ya pili akamletea maji na kusema angekuwa na ubavu angeukata ulimi wake akautupa. "Ulimi wako hauna kosa," Karani alimwambia. "Ulinifurahia. Wengine hawakunifurahia hata kidogo." Kengele aliyekuwa amekuja kuliwaza ndiye aliyelia.

Jioni alimkuta mama yake sebuleni na kapu la nguo zilizokauka, akikunja. Jua la mwisho lilikuwa linaingia dirishani na kuonyesha vumbi. Mama hakuuliza kwanza. Alikunja blauzi, akaiweka, akakunja nyingine.

"Amekuja?"

"Amekuja. Na mchumba wake."

Mikono ya mama ilisimama.

"Mama, dada yake alikupigia simu lini?"

Wazee wengine wangesema dada gani. Mama yake hakuwa mtu wa hivyo. Aliiweka nguo kwenye paja, akailainisha kwa kiganja.

"Muda umepita. Aliniuliza kwa heshima. Aliniambia, mama, sote ni wanawake, nisaidie nisimwingize ndugu yangu mahali pa giza. Aliuliza ndoa yako ya kwanza ilivunjwa na nini. Nikamwambia."

"Ungemwambia aniulize mimi."

"Angejua jibu papo hapo."

"Ungenyamaza."

"Kunyamaza nako ni kujibu, mwanangu."

"Basi ungesema hujui!" Sauti ya Karani ilipanda kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ungesema chochote! Mpaka jina la hospitali, mama? Alikuuliza jina la hospitali?"

"Alitaka kuhakikisha." Mama aliinua uso. "Wewe ulitaka nifanyeje? Nifiche? Mficha uchi hazai, mwana..."

Neno lilishatoka. Mama alijiziba mdomo kwa ile nguo.

"Mimi sikuuficha, mama," Karani alisema. "Na bado sikuzaa."

Jirani alikuwa akimwita mtu huko nje, akaitikiwa.

"Sikia," mama alisema hatimaye, sauti imekauka. "Nilikuona ukiwa nao wale wa kwanza. Kila mwezi wanakutazama tumbo kama watu wanaotazama mawingu. Siku waliyokurudisha, ni mimi niliyekufungulia mlango. Ulisimama pale na sanduku lako, ukaniuliza kama kuna chai. Hukulia. Uliuliza kama kuna chai. Nikajiambia, hili sitaliona tena. Kama watakuja kumkataa, bora wamkatae kabla hajaondoka kwangu."

"Yeye alikuwa anajua."

"Nani?"

"Kobe. Nilimwambia mwenyewe, mwanzoni kabisa. Akakubali. Tulikuwa tunatafuta njia ya kumwambia dada yake polepole, akishazoeana nami, akishanipenda kidogo. Hatukuwa tunamficha, mama. Tulikuwa tunangoja."

Mama alimtazama, na uso wake ulizeeka mbele ya macho ya binti yake. "Sikujua kwamba anajua."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," mama alikubali. Kisha akanyoosha mkono, ukaishia hewani, haukufika. "Lakini sikumdanganya mtu, mwanangu. Nilisema kweli. Kweli tupu. Ulitaka nidanganye?"

Karani alikuwa na maneno mengi, ya mchana kutwa, yamejipanga. Lakini alimwona akilini yule msichana na mkoba wake wa bata, amesimama mbele yake akingoja jibu, na alikumbuka jinsi alivyojisikia amenyooka alipomjibu. Amenyooka, safi, mwenye haki. Mama naye, simu ikiwa sikioni, bila shaka alijisikia hivyohivyo.

Ndani ya kapu lilikuwa limebaki shuka moja, kubwa, ambalo mtu mmoja hawezi kulikunja akalikunja vizuri. Mama alilitoa, akashika kona mbili, akabaki ameshika. Hakuomba. Baada ya kitambo Karani aliinuka, akashika kona nyingine mbili. Wakalivuta likanyooka. Wakasogeleana, wakalikunja, wakarudi nyuma, wakalivuta tena. Kila waliposogeleana mikono yao iligusana, na kila mmoja alitazama mikono ya mwenzake ili asitazame uso.